Sheria ya ugaidi nayo ipewe tarehe ya kutajwa

Mhariri,

Msomaji wako mmoja aliandika katika ukurasa huu kwamba Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 isiguswe hata nukta, na kwamba mbunge atakayesimama kutaka ijadiliwe upya atakuwa ana lake jambo. Naomba nafasi nimjibu. Namjibu kwa heshima, kwa sababu ameandika kwa uchungu, na uchungu huo nami ninao.

Mimi si wakili wala mwanasiasa. Nilikuwa mkalimani wa mahakama huku Pwani kwa miaka 28, kuanzia 1985 hadi nilipostaafu 2013. Kazi yetu ni kusimama kati ya meza ya hakimu na kizimba, uchukue Kiingereza cha huku ukifikishe kule kikiwa Kiswahili, kisha urudi na Kiswahili cha kule, usiongeze wala usipunguze. Mtu akitukana, unatukana kwa niaba yake. Akilia, unangoja. Miaka yote hiyo sikuruhusiwa kutoa maoni yangu hata juu ya joto la chumba. Kwa hivyo wasomaji wanivumilie leo nikirefusha.

Nianze na msiba, nisije nikaambiwa nimeusahau. Asubuhi ya tarehe 28 Novemba 2002 tulikuwa kazini, kesi ya kijana aliyeiba betri ya matatu, tukasikia ving'ora vikitokea upande wa daraja la Nyali. Kimoja, viwili, kisha vikawa haviishi. Hakimu akaahirisha. Ilikuwa hoteli ya Paradise, Kikambala. Gari lenye bomu liliingizwa pale wakati wageni wa Kiisraeli ndio kwanza wanawasili, na waliosimama mbele kuwapokea walikuwa wachezaji ngoma, watoto wetu wa Kimijikenda, wamevaa mavazi yao ya kuchezea. Walikufa Wakenya 10 na Waisraeli watatu. Miaka minne kabla yake Nairobi ilikuwa imezika watu 213 kwa lile bomu la ubalozi wa Marekani. Halafu ikaja Westgate 2013, watu 67; Garissa 2015, watu 148; Riverside 2019, watu 21. Katikati hapo kuna Mpeketoni na mabasi ya Mandera. Hakuna mtu wa Pwani anayehitaji kuelezwa ugaidi ni nini.

Ingawa neno lenyewe lina kisa chake. Nilipoanza kazi, gaidi alikuwa mnyang'anyi wa porini, mtu wa kuvizia wasafiri njiani, nami nilikuwa nikilitumia katika kesi za ujambazi bila wasiwasi. Baada ya 1998 neno likahama nyumba, sisi wakalimani wa zamani tukachelewa kupata habari. Siku moja nikamfasiria mzee mmoja aliyeshtakiwa kwa wizi wa mabavu, nikamwambia anadaiwa kufanya ugaidi njiani usiku. Mzee akashika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili. "Bibi, mwambie bwana hakimu, mimi nilichukua mbuzi tu!" Chumba kizima kikacheka. Karani akaandika.

Sasa nieleze kwa nini nimeshika kalamu.

Mwaka 2014, mwaka mmoja baada ya kustaafu, nilirudi mahakamani, safari hii nikaketi benchi la nyuma pamoja na akina mama wenye vikapu. Aliyekuwa kizimbani alikuwa mtoto wa kaka yangu, niliyemlea tangu ana miaka sita. Wakati huo alikuwa na miaka 23, fundi wa simu, ana kibanda cha mabati kisichozidi upana wa mlango, meza moja, taa ya kuinamisha na kasha la plastiki lenye vidroo vya skrubu. Usiku mmoja walikuja watu wasiovaa sare. Walimchukua yeye, wakachukua na simu zote za wateja zilizokuwa kibandani, 17, kila moja imefungwa raba na kikaratasi cha mwenyewe kwa mwandiko wake mbaya: "Mama Zuhura, kioo". "Mwalimu, haichaji". "Wa tuktuk, spika".

Sababu tuliisikia mahakamani. Laini moja iliyowahi kutiwa katika mojawapo ya simu zile iliwasiliana na nambari iliyokuwa ikifuatiliwa. Simu ipi kati ya zile 17, ya nani, lini, hatukuambiwa. Fundi wa simu! Laini za watu hupita mkononi mwake kama sarafu zinavyopita mkononi mwa makanga.

Afisa mchunguzi alileta hati ya kiapo akaomba muda. Akapewa siku 7. Zilipokwisha akarudi, akapewa 14. Zilipokwisha akarudi tena, akapewa 20. Wakili tuliyemchangia pesa alinipa nakala za zile hati, akijua mimi ni mtu wa makaratasi. Nikazitandika zote tatu juu ya meza ya chakula, bega kwa bega, kama nilivyozoea kufanya nikilinganisha tafsiri. Ilikuwa hati moja. Kilichobadilika ni tarehe na idadi ya siku zilizoombwa, basi. Jina la mtaa wetu lilikosewa herufi moja katika hati ya kwanza; herufi ile ile ikakosewa katika ya pili na ya tatu. Aya ya sita ilisema uchunguzi umefikia hatua nyeti. Siku ya kwanza ulikuwa nyeti, siku ya 7 ulikuwa nyeti, siku ya 21 ulikuwa nyeti vile vile, haujasogea unyeti wake hata kidole.

Mara ya tatu hakimu alimwuliza kama ana la kusema. Akasema, "Mheshimiwa, nauliza tu, nimeshtakiwa kwa kosa gani?" Mkalimani, msichana niliyemfundisha kazi mwenyewe, alinitupia jicho kabla ya kufasiri. Jibu likarudi: hujashtakiwa, wewe ni mshukiwa.

Msomaji mwenzangu, maneno haya mawili yanafanana kwa sauti, na mimi nimeyatamka maelfu ya mara bila kuyatafakari. Mshtakiwa ana hati ya mashtaka, ana kifungu cha sheria kinachomkabili, ana mashahidi watakaokuja wahojiwe. Ana kitu cha kukikana. Mshukiwa ana siku tu. Nilikuwa na daftari la mraba nikizipiga mistari, nne nne na wa tano ukikata, kama mtu anayehesabu magunia bandarini. Niliishia 41. Aliachiliwa jioni, bila shtaka, bila karatasi, akakopa nauli kwa muuza duka.

Simu 17 zikabaki. Tuliambiwa ni vielelezo. Vielelezo vya kesi gani? Wateja nao wakaanza kuja nyumbani, wengine kwa upole, wengine kwa kelele, na walikuwa na haki. Nikauza cherehani yangu ya Singer, ile ya miguu, tukaanza kulipa moja moja. Kibanda hakukifungua tena. Sasa anauza madafu.

Najua nitaulizwa: wale maafisa wangefanya nini? Nambari ilikuwepo, laini ilikuwepo. Wangemwacha? La. Wangemhoji, na mimi ningewapeleka kibandani kwa miguu yangu. Sina ugomvi na siku saba za mwanzo. Naweza hata kuzimeza zile 14. Ugomvi wangu ni hati moja kuapwa mara tatu na sheria isiyomlazimisha mtu yeyote, baada ya yote kwisha, kuja kueleza siku zile zilifanya kazi gani.

Sheria yenyewe inaruhusu. Katiba, kifungu cha 49, inataka aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24. Alifikishwa, sikatai. Lakini kifungu cha 33 cha Sheria ya Kuzuia Ugaidi kinaipa mahakama uwezo wa kumrudisha rumande na kuongeza muda, mradi jumla isizidi siku 90. Kwa hesabu hiyo mwanangu ana deni: alikula 41, akabakisha 49.

Hiyo 90 nilikuwa nimewahi kuisikia mahali. Asubuhi ya tarehe 10 Novemba 2005 nilikuwa jikoni nachemsha chai kabla ya kwenda kazini, redio iko BBC, ikasema Waziri Mkuu Tony Blair jana yake alishindwa bungeni. Alitaka polisi wa Uingereza waweze kumshikilia mshukiwa wa ugaidi siku 90 bila shtaka. Kura 291 zikasema ndiyo, 322 zikasema hapana, na kati ya hizo 322 walikuwamo wabunge wa chama chake mwenyewe. Nakumbuka niliacha chai ikafurika. Si kwamba nawapenda Waingereza. Waliotuwekea kambi za kizuizini miaka ya 1950 hawanifundishi haki. Nilishangaa kwa sababu London ilikuwa imelipuliwa Julai ile ile, watu 52 wamekufa kwenye treni na basi. Miezi minne tu, majeraha bado mabichi, na bunge linaweza kumwambia mkubwa wake kwamba hapa umezidisha.

Wakakubaliana siku 28. Na hata hizo 28 zikafungwa kamba: kila mwaka serikali irudi bungeni kuomba ziendelee, la sivyo zianguke. Januari 2011 serikali mpya haikuomba, zikaanguka zenyewe, wakarudi kwenye 14. Hapakuwa na mtu wa kuandika mswada wa kufuta chochote wala kuandamana siku hiyo. Muda ulikwisha, kama kibali cha kuegesha gari kinavyokwisha.

Mwaka uliofuata, 2012, sisi tukaandika 90. Mwisho wake hatukuuandika.

Si kwamba Bunge letu halijui kubishana juu ya mambo haya. Mswada wa kwanza wa ugaidi ulichapishwa 2003, na mimi ndiye niliyewafasiria wazee wa mtaani, barazani baada ya alasiri, kifungu baada ya kifungu, kahawa ikizunguka. Tulipofika kifungu cha 12 kilichosema ni kosa kuvaa vazi hadharani kwa namna ya kuzua shaka kwamba mtu ni mfuasi wa kundi la kigaidi, mzee mmoja alijitazama kanzu yake kutoka kola hadi pindo, akaniuliza, "Na hii nimeivaa kwa namna gani, mwanangu?" Waislamu walipiga kelele, mawakili wakapiga kelele, mswada ukarudishwa kabatini. Mwaka 2006 ukatolewa tena umevishwa nguo nyingine, ukakwama tena. Hapo katikati tuliishi bila sheria maalumu ya ugaidi, na hilo nalo halikuwa jema, maana watu walikamatwa kwa sheria za kuzungukia au usiku wakavushwa mpaka wa nchi bila sheria yoyote. Sheria iliyopita 2012, Rais Kibaki akaitia sahihi Oktoba, ilikuwa na staha kuliko ile ya 2003. Kifungu cha mavazi hakikuwamo. Nakiri hayo, maana wapo wanaoitukana sheria hii kana kwamba haikuchujwa kabisa.

Ila ikaja Desemba 2014. Basi la Mandera lilikuwa limeshambuliwa tarehe 22 Novemba, watu 28 wakauawa. Siku kumi baadaye wachimba mawe 36. Nchi ilikuwa inatetemeka. Ukaletwa mswada mmoja wa kurekebisha sheria zaidi ya 20 kwa mkupuo. Tarehe 18 Desemba nilitazama kwa jirani, runinga yake ni kubwa. Karatasi zinachanwa, maji yanarushwa, waheshimiwa wanakunjana mashati, na katikati ya vurumai hiyo vifungu vinasomwa na kupitishwa. Mimi ni mtu wa kusikiliza. Kazi yangu yote ilikuwa masikio. Sikuweza kusikia nini kimepitishwa. Kesho yake Rais Uhuru Kenyatta akatia sahihi.

Tarehe 23 Februari 2015 majaji watano wa Mahakama Kuu wakafuta vifungu vinane vya sheria ile. Kimoja kiliruhusu upande wa mashtaka kumficha mshtakiwa ushahidi. Kingine kilisema wakimbizi nchini wasizidi 150,000, wakati Dadaab peke yake ilikuwa na watu zaidi ya hao. Vingine vililenga waandishi na watangazaji. Lakini vingi vikabaki, kikiwamo kile kilichotia ndani ya Sheria ya Kuzuia Ugaidi kifungu cha 36A, kinachoviruhusu vyombo vya usalama kunasa mawasiliano ya watu katika upelelezi wa ugaidi. Na kilichobaki kimebaki jumla, kama kinyago cha mpingo, hakina tarehe.

Wiki tano baada ya hukumu hiyo ikaja Garissa. Nakumbuka watu wakisema: mmeona, majaji wenu? Nilikasirika sana siku hizo, nikashindwa kuongea na watu. Wale wanafunzi walivamiwa kabla ya jua kuchomoza, na kikosi maalumu cha polisi, Recce, kutoka Nairobi kikaingia mchana umeshakwenda. Kilichokosekana Garissa asubuhi ile kilikuwa ndege na amri iliyotoka mapema. Hakuna hata kimoja kati ya vifungu vinane vilivyofutwa ambacho kingewafikisha wale askari saa moja mapema. Mwezi huo huo mashirika mawili ya haki za binadamu ya hapa Mombasa, MUHURI na Haki Africa, yakatangazwa katika gazeti rasmi la serikali miongoni mwa wanaoshukiwa kuhusiana na ugaidi, akaunti zao zikafungwa. Juni mahakama ikasema hakukuwa na ushahidi wa kuyaunganisha na ugaidi. Nchi ikiwa na hofu hurusha jiwe gizani, na nalielewa hilo. Ndiyo maana nataka paweko na siku iliyopangwa kabisa ya kuwasha taa.

Sisi watu wa mahakama tuna jambo dogo linaitwa kutajwa. Kesi haijaanza kusikizwa, mashahidi hawajaja, lakini faili lazima lirudi mbele ya hakimu tarehe fulani ili aulize: limefikia wapi? Mara nyingi hakuna jipya. Dakika mbili, tarehe nyingine, faili jingine. Wakati mwingine hakimu hufungua, akatazama juu, akauliza, "Huyu mtu bado yuko ndani kwa nini?" Nimeliona hilo likitokea kwa macho yangu, na mtu akatoka siku hiyo hiyo. Faili lisilo na tarehe ya kutajwa huenda kabatini, panya wakalipata kabla ya wakili.

Naomba sheria hii ipewe tarehe ya kutajwa. Si sheria nzima. Makosa yenyewe, kulipua, kufadhili, kuandikisha vijana, yabaki milele. Nasema yale mamlaka maalumu: siku 90 za rumande bila shtaka, kunasa mawasiliano, kutangaza mtu au shirika na kufunga akaunti. Hayo kila mwaka Waziri wa Usalama ayarudishe bungeni, aombe kura, na kabla ya kura aweke mezani ripoti. Wangapi walishikiliwa kwa kifungu cha 33? Siku ngapi kila mmoja? Wangapi walishtakiwa, wangapi wakapatikana na hatia, wangapi wakaachiliwa jioni bila karatasi? Vielelezo vilirudishwa kwa nani? Haihitaji kutaja jina la mpelelezi wala la mtoa habari. Ni safu za tarakimu, ukurasa mmoja unatosha.

Atakayesema hili ni jambo la kigeni asome Katiba yetu wenyewe, kifungu cha 58. Hali ya hatari ikitangazwa Kenya inaishi siku 14 tu. Ikitakiwa kuendelea, Bunge la Taifa lipige kura: mara ya kwanza thuluthi mbili ya wabunge wote, mara zinazofuata robo tatu, na kila nyongeza isizidi miezi miwili. Yaani hata kwa vita, walioandika Katiba walikataa kumpa mtu mamlaka yasiyo na mwisho, wakapandisha bei kila anaporudi dukani. Waliyajua mauaji ya Wajir na ya Garissa ya miaka ya 1980, na ya mkoa mzima wa Kaskazini Mashariki ulioishi chini ya sheria za dharura kuanzia miaka ya 1960 hadi mwanzo wa miaka ya 1990. Basi inakuwaje hali ya hatari ina mwisho, na siku 90 za fundi wa simu hazina?

Ireland nao wana mfano wa karibu na wetu kuliko watu wanavyodhani. Bomu la Nairobi lililipuka tarehe 7 Agosti 1998. Siku nane baadaye, tarehe 15, likalipuka la Omagh, Ireland Kaskazini, watu 29 wakafa. Bunge la Dublin, la Jamhuri ya Ireland iliyo jirani, likapitisha sheria kali mwezi uliofuata, kali kweli, lakini wakaandika kwamba vifungu vyake vikuu vitaanguka kila mwisho wa Juni bunge lisipoviongezea muda, na waziri lazima alete ripoti ya jinsi kila kimoja kilivyotumika. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wale wamempa mgeni jembe kila Juni, na kila Juni wanamwuliza amelima wapi.

Sitawaficha upande wa pili. Kila Juni tangu 2000 wamenyanyua mikono, vifungu vikaongezewa muda. Na Uingereza, baada ya mabomu ya Birmingham ya Novemba 1974 yaliyoua watu 21, sheria waliyoipitisha kwa siku chache iliitwa ya muda, na waziri aliyeileta, Roy Jenkins, mwenyewe alikiri kwamba ni kali kupita kawaida. Hiyo ya muda iliishi zaidi ya miaka 25, ikifufuliwa na kura kila mara. Kwa hivyo tarehe peke yake si dawa. Nawajua na wabunge wetu; wapo watakaosema ndiyo huku wanatazama simu zao, na mwaka wa tatu mjadala utaendeshwa na watu 12 baada ya chakula cha mchana.

Lakini miongoni mwa hao 12 huwa hakosi mmoja. Mbunge wa Kamukunji, wa Lamu, wa Wajir, yeyote yule aliyepigiwa simu usiku na mama fulani. Atasimama na ule ukurasa mmoja aulize juu ya safu ya mwisho. Waziri atalazimika kujibu, jibu litaandikwa kwenye kumbukumbu za Bunge, na mwaka ujao tarakimu mbili zitawekwa bega kwa bega kama nilivyoziweka zile hati mezani. Msomaji mwenzangu anaogopa kwamba mjadala utawapa nguvu magaidi. Mimi naona afisa anayejua kwamba Juni ataulizwa hataapa hati moja mara tatu. Atatafuta mwenye laini, na huenda akampata.

Nimeanza kuandika ombi kwa Bunge. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki hiyo, hata bibi mstaafu wa Majengo. Nimeliandika kwa Kiswahili, kwa makusudi. Wao ndio watafute mkalimani.

Nilipokuwa naliandika nilikwenda pale ilipokuwa ile kesi isiyo kesi, niombe kuona faili. Kijana wa masjala, mpole, kazaliwa nadhani mwaka niliokuwa tayari nina mvi, alifungua daftari kubwa akashuka na kidole. Maombi yalifungwa, akasema. Nikamwuliza kuhusu simu. Akashuka tena na kidole, akapanda nacho, akaniambia, "Mama, humu hazikuandikwa." Kwa hiyo hakuna hesabu ya kesi anayoonekana ndani yake mtoto wa kaka yangu, kwa sababu hakushtakiwa, na hakuna hesabu ya simu zile, kwa sababu hazikuandikwa.

Ya Mwalimu tulishalipa, na ya kijana wa tuktuk, na nyingine 14. Imebaki moja. Mama Zuhura amekataa pesa mara mbili. Kila Idi akija kunipa mkono huniuliza kama nimesikia lolote, maana kioo tu ndicho kilichokuwa kimevunjika; picha za marehemu mumewe zilikuwa bado zimo ndani.

Mkalimani mstaafu,
Majengo, Mombasa
(Jina langu kamili nimekuachia wewe, Mhariri, naomba lisichapishwe kwa ajili ya kijana.)